Kunguru wa Siku ya Kumi

Mwalimu Bhalchandra alifundisha sayansi mjini Wai miaka nenda miaka rudi, na hakuna pepo wala mzimu aliyesalimika mdomoni mwake. "Ukifa umekufa, basi!" aliwaambia wanafunzi, nao wakacheka. Lakini mdogo wake Suniti alipoolewa na mwanamume wa tabaka la chini, mwalimu huyuhuyu alimpiga marufuku nyumbani. Sayansi yake iliishia kizingitini.

Sasa ilikuwa siku ya kumi tangu mama yao afariki. Bhalchandra, kichwa kimenyolewa, aliketi kwenye ngazi za mawe za kuteremkia mto Krishna, mbele yake tonge la wali juu ya jani. Kwa mila yao, kunguru akilila, marehemu ameondoka ameridhika. Asipolila, kuna jambo alilolitamani akalikosa, na jamaa sharti waahidi kulitimiza, kwa sauti, mpaka ndege ashuke.

Kunguru walijaa kwenye mti wa kando ya mto. Hakushuka hata mmoja.

"Wifi, mrehani wako tutaumwagilia!" shangazi Indu alimpazia marehemu sauti. Wapi! "Bhalu, sema na wewe! Umemeza ulimi? Mama yako alitaka nini?"

Bhalchandra alikijua alichokitaka mama. Muda wote wa ugonjwa mama aliuliza, "Suniti umempigia simu?" naye akajibu, "Nimempigia, Mama, yuko njiani." Hakupiga hata mara moja. Suniti alipata habari za msiba kwa watu baki, na sasa alisimama ngazi ya juu kabisa, peke yake, kama mgeni. Bhalchandra aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Ayaseme hayo mbele ya ukoo mzima?

"Na ng'ombe wako mzee hatumuuzi ng'o!" shangazi akaongeza.

Kunguru mmoja akashuka, akadonoa wali.

"Kumbe ng'ombe!" shangazi alicheka huku analia. "Haya, ameenda salama."

Bhalchandra akashusha pumzi, na papo hapo akajionea aibu. Maisha yake yote aliwacheka hao kunguru, na leo alikuwa tayari kujificha nyuma ya mmoja wao.

Suniti aliteremka hadi alipoketi kaka yake. "Basi, kaka, hakuwa na haja nami. Nilidhani labda... Haya, mimi naenda zangu."

"Ngoja! Yule ni ndege tu, ana njaa, hajui lolote!" Jamaa wote wakageuka. "Mama alikuwa anakuita. Nilimdanganya kwamba nimekupigia."

Suniti akauliza, "Alisemaje?"

"Kila usiku alisema mlango usitiwe komeo, utafika umechoka." Bhalchandra aliinamisha kipara chake. "Nilikuwa nalifungua komeo ili asikie. Akishalala, nalirudisha."