Uvivu Niliokuwa Nikiungama

Baada ya kumzaa mtoto wangu wa tatu nilianza kulala kama mtu aliyenyweshwa dawa. Tulikaa Arua mjini, Uganda, jirani na wafanyabiashara waliotoka Kongo kama wazazi wangu, nami nilishona sare za shule barazani. Mume wangu alikuwa askari, kambi yake mbali. Alipokuja likizo akaniona sina nguvu, alimleta dada yake mdogo kutoka kwao Midia, upande wa Koboko, anisaidie mpaka mtoto atembee.

Mtoto alitembea, akakimbia, na wifi bado alikuwa kwangu. Yeye ndiye aliyeteka maji, akatwanga mihogo, akafua. Mimi nilikaa na sweta katikati ya kiangazi, jua linapasua midomo ya watu, nami nasikia baridi mifupani. Nywele zilibaki kwenye kitana. Uso ulivimba, na watu wakanipongeza kwamba nimenenepa. Wenye sare walipokuja shule zinafunguliwa, nilimtuma wifi aseme sipo. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimelala.

Hakuna aliyenilaumu. Nilijilaumu mwenyewe. Kila nilipokwenda kuungama nilianza na uvivu. Padri alinipa sala za kitubio, nikasinzia kabla ya kuzimaliza, nikaamka na dhambi mbili badala ya moja.

Wiki ambayo wifi aliugua malaria, niliamka mchana nikamkuta binti yangu mkubwa, mtoto wa darasa la pili, ana mdogo wake mgongoni, anakoroga uji. Shule hakwenda.

"Mama, lala tu," aliniambia. "Nimeshamaliza."

Angelia ningeweza kumbembeleza. Hakulia.

Hospitali nilikuwa nimekwenda. Nilipewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya malaria, sikupata nafuu, nikaona aibu kurudi kulalamika kwamba nimechoka. Mwanamke gani hachoki?

Ndipo mama mdogo wangu akaja kututembelea kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe wa zamani, na kwao wanawake wengi walikuwa nao. Aliniona nimeacha kifungo cha juu cha gauni wazi, akauliza kwa nini. Nilimjibu kwamba gauni limerudi, limebana kwa kufuliwa. Mimi, fundi, nikamwambia hivyo. Aliushika mkono wangu akauweka kwenye koo lake, kisha kwenye langu.

"Yangu ilianza vile vile," alisema. "Baridi, usingizi, tumbo kufunga. Enda kwa daktari. Usingoje yeye aone. Mwambie apime shingo."

Kwenye foleni nilitaka kuondoka, kwa kuwa waliokuwa mbele yangu walikuwa wagonjwa kweli. Zamu yangu ilipofika, daktari alianza kuandika kabla sijamaliza kueleza.

"Daktari, naomba usiandike kwanza," nilisema. "Naomba nipimwe hii shingo. Mama mdogo wangu iko na rovu, na yake ilianza hivi."

Aliweka kalamu chini. Alinipapasa koo, akanipa maji nimeze huku ameshika pale, akasikiliza mapigo ya moyo, akaniuliza habari za uzazi wangu. Alisema kuna tezi shingoni ambayo ikilegea mwili wote hulegea, na kwamba huweza kutokea baada ya kujifungua. Hakutaka kubahatisha, damu ingepelekwa Kampala.

Majibu yalichelewa sana. Niliomba yaje na ugonjwa, kisha nikaogopa kwa kuomba hivyo. Yalipokuja, tezi ilikuwa imelegea kweli. Nikaanza vidonge vya kumeza kila siku, maisha yote. Mikono ndiyo iliyopata joto kwanza. Nywele zilichelewa.

Nilipopata nguvu ya kuuliza mambo ya watu wengine, nilimuuliza wifi kuhusu kijana wa Koboko aliyekuwa akimposa. Alisema ameoa zamani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema namna gani? Wewe iko nalala tu."

"Nilikuwa mgonjwa, wifi."

"Najua. Sikatai. Lakini ile mutu hakungoja."

Aliendelea kupeta mchele. Daktari alikuwa ameniambia ugonjwa huu hauna wa kulaumiwa, na nilimwamini, lakini maneno yake hayakunisaidia pale. Binti yangu alirudia darasa. Wifi alirudi Midia, na baadaye akaolewa na mtu mwingine, mwanamume mpole aliyemzidi sana umri. Nilimshonea nguo zote za harusi, nikaenda siku kadhaa kabla nipike na wanawake wa kwao. Nilipoinua sufuria kubwa alinikimbilia, akaishika upande wa pili.

"Kaa, wifi," alisema. "Utachoka."

Sikujua kama ananihurumia au ananikumbusha. Nilikaa.