Wanawake Sita wa Utafiti wa Binti Yangu

Binti yangu atahutubia chuo kikuu. Chuo kikuu chenyewe, hapa Kampala, mbele ya maprofesa, na bango lenye picha yake limebandikwa mpaka getini. Haya, sasa hamjambo wapenzi wa ukurasa huu. Admin nifichie jina, ingawa kufichwa kunaniuma, mimi ni mtu wa kujulikana.

Nina miaka hamsini na mbili, Mkenya, Mluhya, na Kampala nimekaa miaka ishirini na sita. Shule niliishia darasa la saba. Nina kibanda cha chakula Bugolobi, upande wa viwandani, na kwa ugali wangu nimesomesha binti mpaka digrii ya pili. Nimwite Nafula, si jina lake. Anasomea anthropolojia. Msidhani sielewi. Ni elimu ya kuwauliza watu wanavyoishi, halafu kuwaandika kwa namna ambayo wenyewe hawataweza kusoma.

Idara yao huwa na mihadhara ya wazi, kila mtu anakaribishwa. Nilienda mmoja, nimevaa gomesi yangu ya sikukuu. Profesa alitumia saa nzima kutuambia kwamba kwetu mgeni hulishwa kabla ya kuulizwa shida yake. Saa nzima, na watu wanaandika. Nusu walikuwa wanasinzia wakingoja sambusa, na sambusa zenyewe kavu, mteja wangu angenirudishia. Nikanyoosha mkono, nikamwita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, hilo mbona hata mtoto wangu wa shule ya msingi analijua?" Akatabasamu kama mtu mwenye jino bovu, akasema, "Asante nyabo kwa mchango wako." Mchango gani? Nilikuwa nimechoka tu.

Basi niliposikia zamu hii anayezungumza ni Nafula, niliwaambia wateja, niliwaambia majirani, na kanisani nikatangaza kwa kwaya yetu ya akina mama. Mama Trevor, mwenyekiti wa kwaya, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akasema, "Tunaenda wote, na tunavaa sare."

Jumapili mchana nikamkuta Nafula chumbani anajizoeza mbele ya kioo. Nikakaa kitandani nisikilize, machozi ya furaha yananilenga. Mada yake ni wanawake Wakenya wanavyoshika mila wakiwa Kampala. Amewahoji wanawake sita.

Akaanza na mwanamke wa Mbuya. Huyo alijifungua mbali na wazee wa kumpa mtoto jina, akampigia simu mama mkwe kijijini, akaweka sauti juu, bibi akataja majina ya marehemu mmoja mmoja mpaka mtoto aliyekuwa analia akanyamaza, na jina hilo likawa lake. Nikacheka. Nilikaa Mbuya, na kitindamimba wangu alipata jina hivyo hivyo.

Akaja mwanamke wa Ntinda. Mume alihamia kwa mwanamke mwingine, naye akachukua kile kiti ambacho mume peke yake alikikalia, akakifunga juu ya boda boda, akakituma huko kwa ujumbe kwamba hana nafasi ya kiti kisicho na mtu. Hapo sikucheka tena. Hicho kiti nilikifunga kamba mimi, na kwaya nzima ilikuwa barabarani ikishangilia.

Kisha wa Bugolobi. Tangu mume aondoke, kuku akichinjwa, firigisi, ambayo kimila ni ya baba wa nyumba, humpa binti yake wa kwanza. "Mwanamke huyu," Nafula akasoma, "mwenye elimu ndogo, hatambui thamani ya anachokijua."

"Hatambui nani?" nikamuuliza.

"Mama, hao ni watoa habari. Majina yao hayatajwi."

"Nafula. Wako wangapi hao wanawake?"

"Kwenye karatasi, sita."

"Na nje ya karatasi?"

Akafunga kompyuta. "Watatu ni wewe."

"Na wengine?"

"Wawili ni Mama Trevor. Lakini alikuwa anasimulia habari zako."

"Wa sita?"

"Huyo alikataa kuongea. Nimeandika kwamba alikataa."

Akaanza kulia. Akasema kila mlango aliobisha walidhani ametumwa na watu wa uhamiaji wanaokagua vibali, na muda ulikuwa unaisha, na mimi jioni napika huku nasimulia, yeye yuko mezani anaandika tu. Madaktari watatu wa idara, wasioweza kutibu hata mafua, wamesoma kazi hiyo wakaisifu kuwa utafiti mpana. Mpana! Mimi mtu mmoja nimewatosha kuwa kabila zima na hakuna aliyeshtuka. Nikiri kuna kona ya moyo inayojisikia vizuri. Lakini lile neno la elimu ndogo halijatoka. Firigisi nilikuwa nampa yeye, na alikula akijua kwa nini.

Sasa ananiambia, "Mama, usije. Na uwazuie hao." Nawazuiaje? Kwaya inazijua hadithi zangu kuliko nyimbo. Nafula akifika kwenye hadithi ya kiti, Mama Trevor atasimama na kunionyesha kidole, hata nisipokuwepo ataonyesha upande wa nyumbani kwangu. Wale maprofesa ni wazito wa kuelewa, lakini kidole watakiona, na digrii ya mwanangu itaenda. Nikisema hotuba imeahirishwa, bango liko getini. Nikimlazimisha aende akamwambie mwalimu wake ukweli kabla ya siku, huenda wakamsamehe, huenda wakamfukuza, na mimi ndiye nitakuwa nimemsukuma. Kwaya nikiiambia ukweli, kesho yake Bugolobi nzima inajua.

Ninyi wenye watoto wasomi, mngekuwa mimi mngefanya lipi? Msichelewe kunijibu. Ni Alhamisi hii saa tisa, na kwaya imesema itafika saa nane, na sare, ipate viti vya mbele.