Asma na Taa Tatu za Kibodi

Asma Bakar wa Shumba Viamboni aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minane, akapona, lakini masikio hayakupona. Kusema hakusahau. Alisoma skuli kwa kutazama midomo ya walimu, akajifunza kompyuta, na mwishowe akaajiriwa kuitunza kompyuta ya kusajili vizazi katika ofisi moja ya Chake Chake.

Siku moja kompyuta ilipata joto kali. Ikapiga mlio wa hatari, Asma asiusikie, ikajizima. Majina ya watoto ya asubuhi nzima yakapotea.

"Kuanzia Jumatatu utakaa dirishani ugawe fomu," mkuu wake, Bwana Rajab, alimwambia. "Kompyuta inataka mtu mwenye masikio."

"Inapiga kelele kwa sababu aliyeiunda anasikia," Asma akajibu. "Mie ntaifanya iseme kwa mwanga."

"Bi Asma, hino si sikukuu ya kuwasha vitaa."

Hakubishana. Kwa siku mbili zilizobaki aliandika programu ya kuziamrisha zile taa tatu ndogo za kibodi: ya kwanza imete joto likipanda, ya pili nafasi ikijaa, ya tatu umeme ukikatika na betri ya akiba ikishika. Kisha akaigeuza meza ili kibodi ionekane kutoka dirishani. Petronila, karani mwenzake aliyetoka Moshi, alimwuliza kama haogopi.

"Naogopa. Lakini sitoki."

Wiki ya pili ikanyesha mvua ya masika. Bati lilivuma hata watu wakawa wanaongea kwa ishara. Asma, fomu mkononi, akaona taa ya kwanza inameta upesi upesi. Akaziacha fomu, akampita Bwana Rajab mlangoni, akahifadhi kazi yote, akaizima kompyuta. Feni yake ilikuwa imesimama kabisa.

"Nani kakuruhusu kuingia?" Bwana Rajab akafoka.

"Ililia. Nyote mna masikio, nani kaisikia?"

Bwana Rajab akamtazama Petronila. Petronila akatikisa kichwa.

Bwana Rajab akamgeukia Asma, akasema taratibu ili amsome midomo vizuri: "Basi rudi uisaidie saidie."

"Kusaidia sitaki. Niandikie barua kwamba kazi hii ni yangu, utie sahihi na mhuri."

Akavuta kiti, akakaa mbele yake kusubiri. Barua ikaandikwa, na neno "vizazi" likakosewa. Asma akairudisha iandikwe upya.