Kasparas wa Vygantas

Vygantas Stulpinas huendesha gari la maziwa katika vijiji vya kuzunguka mji wa Rokiškis, huku Lituania. Mimi huendesha lingine. Asubuhi tukisubiri zamu ya kumwaga maziwa kiwandani tulikuwa tunazungumza, yaani yeye anazungumza, mimi nasikiliza, na kwa mwaka mzima habari ilikuwa moja: Kasparas.

"Kasparas ameanza kutoa pasi kama mtu mzima," ananiambia huku akipuliza kahawa yake.

Mama mmoja mgeni pale kazini alimwuliza mwanawe anasoma shule gani. Vygantas akawa mwekundu hadi masikioni. Hana mtoto wa kiume. Ana binti tu, yuko Norwe. Kasparas Mėlynis ni mchezaji wa mpira wa kikapu wa kwenye mchezo wa kompyuta. Hana sura. Ana jina, ana urefu wa mita mbili na zaidi, na ana vipaji vilivyoandikwa kwa maneno: kudaka: hodari; kurusha: hodari; pasi: dhaifu.

Huku kwetu mtu akishindwa kuruka hujiita kocha, na asiyepewa timu ya kufundisha huanzisha yake mtandaoni. Mimi pia ninayo, iko chini kabisa. Lakini Vygantas hakutaka vikombe. Alitaka siku moja afungue ukurasa wa timu ya taifa ya vijana ya humo mchezoni, aone jina la Kasparas, na pembeni yake jina la klabu iliyomlea.

Kulea ni kazi. Katika mchezo ule, mchezaji hujifunza ujuzi wa nafasi anayochezeshwa. Ukitaka mtu mrefu ajue pasi, lazima umtoe chini ya kikapu umpeleke mbele akaongoze mpira na wafupi. Huko anapoteza mpira, timu inafungwa. Vygantas alifungwa mpaka akashuka daraja. Watu wakamcheka kwenye jukwaa letu la mtandaoni. Yeye akawajibu, "Nyinyi mnafuga kuku wa kuchinja. Mimi nalea."

Sasa, ana shemeji yake, Egidijus, ndugu mdogo wa mkewe Danguolė. Huyo anauza matairi, mcheshi, kila mtu anampenda. Vygantas mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo, akamfundisha kila kitu. Egidijus hakulea mtu. Alikwenda sokoni akanunua kijana mrefu wa nchi yetu, Trakšelis, ambaye meneja fulani wa Ajentina alikuwa amekwisha kumlea karibu mpaka mwisho.

Mwezi wa tano Jolita, kocha wa timu ile ya taifa ya vijana tuliyemchagua kwa kura, aliandika kwenye jukwaa: nafasi ya mtu mrefu imebaki moja, nitachagua Jumatatu, baada ya mazoezi ya wiki ijayo, ni Mėlynis au Trakšelis. Wote wawili walikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mwakani wangekuwa wakubwa mno kwa timu ya vijana, na ile ya wakubwa hawakuifikia. Kwa Kasparas ilikuwa sasa au basi.

Jumamosi ile tulikuwa nyumbani kwa baba mkwe wa Vygantas, kwenye chumba cha mvuke. Tulitoka tukakaa nje na taulo, tukila mkate mweusi wa kukaanga na kitunguu saumu. Egidijus akaanza.

"Shemeji, umesikia? Mwanangu anagombea jezi na mwanao."

"Mwanao? Wewe umemzaa wapi?"

"Nimemuasili. Yatima wa Ajentina yule, hata Kilituania alikuwa amesahau!"

Watu wakacheka. Hata Danguolė, aliyekuwa analeta matango, alicheka. Vygantas alimtazama mkewe kama vile amemwona akimpa mtu mwingine chakula chake.

"Kununua hata mjinga anaweza," akasema.

"Basi nipongeze, nimeweza!"

Baba mkwe akauliza kijana yupi anaruka zaidi.

Wiki iliyofuata Vygantas hakuwa mtu wa kukaa naye. Kila tulipokutana alikuwa na simu mkononi, anachungulia ukurasa wa Trakšelis, si wa Kasparas.

"Mwone! Anachezeshwa vizuri. Nani kamfundisha hivyo? Mimi!"

Kila wiki kuna mechi tatu, na mazoezi huhesabiwa Ijumaa. Kasparas alikuwa amebakiza kidogo tu pasi zake zipande ngazi moja, na hapo angempita Trakšelis waziwazi. Tatizo ni kwamba mchezaji akichezeshwa sana huchoka, na uchovu huo hukaa naye wiki nzima. Jambo hilo ni la kwanza ambalo Vygantas alimfundisha Egidijus: mechi moja na kidogo kwa wiki, kisha mpumzishe.

Siku ya mechi ya tatu nilimwona anampanga Kasparas tena, dakika zote.

"Atachoka huyo," nikasema. Mimi si mtu wa kusema sana.

"Unataka yule muuza matairi achukue?"

Zamu yangu ilifika, nikaenda kumwaga maziwa.

Ijumaa alinikumbatia kiwandani. Pasi zilikuwa zimepanda. Kisha akateremka chini ya ukurasa. Hali ya mwili ilikuwa imeporomoka ngazi mbili.

Jumatatu Jolita aliandika kwa upole: Mėlynis ndiye bora, sijaona mrefu mwenye pasi kama zile, lakini siwezi kupeleka mtu aliyechoka kwenye mashindano. Anakwenda Trakšelis.

Jioni Egidijus akapiga simu. Nilikuwepo, tulikuwa tunabadilisha breki za gari la Vygantas.

"Shemeji, pole, kweli kabisa. Sasa nisaidie. Mashindano ni marefu. Nimchezesheje asichoke?"

Vygantas alishika simu kwa mkono wenye grisi. Nilimwona anataka kusema uongo. Neno lilikuwa mdomoni. Angesema mechi zote tatu, na Egidijus angemwamini.

"Mechi moja na kidogo," akasema mwishowe. "Kisha mpumzishe." Akakata.

Danguolė, aliyekuwa dirishani, akasema, "Umefanya vizuri, mume wangu."

"Vizuri gani? Sikutaka nchi ifungwe, basi. Yeye na afungwe kila siku."

Vijana walishinda mechi ya kwanza dhidi ya Uhispania, na Trakšelis alifunga kuliko wote. Jukwaa lilijaa pongezi: Egidijus hongera, Egidijus umelea! Vygantas alisoma zote mpaka chini, midomo ikicheza. Kisha akaandika, kwa kidole kimoja, polepole:

"Kapoteza pasi nne. Kasparas asingepoteza hata moja."

Siku nzima alikuwa akifungua simu kuangalia kama yuko hata mmoja aliyemjibu.