Siku Taa ya Kristali Ilipotoka Nje

Taa za kristali zinanipagawisha, sifichi. Yangu niliinunua kwenye hoteli moja ya Musoma iliyokuwa inabadilisha mapambo. Kutoka Tarime hadi hapa Susuni niliipakata kwenye bodaboda, inalia cheng, cheng kila shimo, dereva na mimi tukicheka kama walevi. Siku nilipoitundika sebuleni nilicheza peke yangu, nyundo mkononi.

Baba akazisikia habari zake kwa majirani, na zikamkosesha raha. Kwetu Wakurya, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mkwewe humkwepa kwa heshima. Miaka yote aliishia uani, hakuwahi kulalamika. Lakini sasa jicho moja lilikuwa limeshazibwa na mtoto wa jicho, la pili linafuata, naye alitaka kuiona ile taa kabla hajawa kipofu.

"Shikamoo, tata," nilimwamkia baba asubuhi moja alipofika uani.

"Marahaba. Hiyo taa yako ikoje, mura?"

Hapo alinigusa penyewe! Nikamweleza kwamba mwanzo, huko Ulaya, taa ya aina hii ilikuwa msalaba wa mbao wenye mishumaa, unaning'inia kanisani. Kisha mafundi wa Venisi wakatengeneza matawi ya kioo yenye maua, na Waingereza wakachanganya kioo na madini ya risasi kikazidi kumeremeta. Yangu ni mtindo wa hema na mfuko: nyuzi za vioo zinashuka kutoka pete ndogo ya juu hadi pete kubwa, halafu zinakusanyika chini kama kikapu.

"Na vioo vyote hivyo ni vya nini?"

"Kuongeza mwanga, tata. Mshumaa mmoja unaonekana mingi."

"Basi haidai umeme. Inadai mwanga tu. Jua si hili hapa?"

Kumbe taa ingeweza kumfuata uani! Nikakimbilia ndani, mke wangu akashika ngazi. "Ukiivunja utalala na ng'ombe!" Tuliishusha, akanisindikiza hadi mlangoni, akarudi dirishani kutoa amri kwa mbali. "Juu zaidi! Kaza hiyo kamba!" Nikaifunga kwenye boriti ya lango la zizi.

Jua likaishika. Rangi zikamwagika ukutani, kwenye majani, kwenye kuku. Fahali wetu mweupe aliota madoa ya zambarau, akajitazama, akakurupuka na kuzunguka zizi zima. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dirishani mke wangu alikuwa anapiga vigelegele. Nilijiona nina furaha ya kijinga kabisa, na niliipenda.

Baba akasogea karibu na taa. Upepo ulipoisukuma, rangi zilitembea kwenye shati lake, zikashuka mikononi. Akageuza viganja kuzifuata.

"Nyekundu," alisema. "Hii kijani. Naiona."

Kisha akautazama mlango wa nyumba yangu, akanigeukia, uso wote umejaa rangi.

"Mura," akasema, "leo nimeingia kwako."