Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Pale kwenye nyumba ya kulelea wazee hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mwenyewe. Bomba likivuja, "Acha, nitaziba mwenyewe." Taa ikigoma, "Fundi wa nini? Nitapanda mwenyewe." Aliwahi kung'oa jino lake kwa koleo, amesimama mbele ya kioo cha bafuni, akala uji wiki nzima, lakini ukimuuliza atakwambia lilitoka vizuri.

Kazi yake hasa ilikuwa kuendesha kigari cha gofu. Hapakuwa na gofu wala uwanja wa gofu. Kigari kilinunuliwa kutoka klabu moja iliyofilisika, kwa sababu wodi za wazee zilikuwa juu ya mteremko na chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, na shuka chafu hazijipeleki zenyewe. Mbele palikuwa na kiti cha dereva na mwenzake. Nyuma palikuwa na kiti kingine cha watu wawili, kilichotazama kule mnakotoka, hivi kwamba dereva na abiria wake walipeana mgongo. Kigari kilitumia betri na hakikuwa na kelele. Mzee aliyesinzia juani alifumbua macho akakikuta kimeshasimama miguuni pake, na wengine hawakupenda.

Kwenye kiti hicho cha nyuma, upande wa kushoto, alikaa dada yake kila siku ya kazi. Alikuwa mkuu wa kufulia, na kila mtu alimwita Mama Shuka. Ndiye aliyemlea Mwenyewe walipobaki yatima, na ndiye aliyemwombea kazi. Alikuwa na mwili, hakuwa na aibu nao, na alipokaa kigari kilididimia upande huo, springi ikalia. Njia nzima alipiga soga na mgongo wa mdogo wake.

"Punguza wewe! Umebeba mtu, hukubeba viazi!"

Sasa ni mwezi wa nane tangu Mama Shuka azikwe, na kigari bado kinadidimia.

Kilianza wiki ya pili baada ya mazishi. Mwenyewe alikuwa akishuka na marobota ya shuka, asubuhi ya jua safi. Alipofika kwenye kona ya tangi la maji, pale ambapo barabara inabana kandokando ya mfereji wa zege, springi ya kushoto ikalia na kigari kikakaa chini. Alidhani ameingia shimoni. Aliendelea hadi mlango wa kufulia, akasimama, na kabla hajakanyaga chini kigari kikainuka, kama mtu mzito ameteremka akaenda kazini. Mwenyewe alikaa pale mikono ikiwa kwenye usukani, hadi wafuaji wakaanza kumtania kwamba amelala.

Siku iliyofuata ikawa vile vile. Kona ya tangi, kinadidimia. Mlango wa kufulia, kinainuka. Akaanza kupanga marobota kwenye kiti kile ili kisiwe na nafasi. Marobota yalianguka, kila mara kwenye kona ile ile, na hayakuanguka kwa kutikiswa. Yalisukumwa pembeni.

Halafu zikaja nati. Gurudumu la kigari lile hushikwa na nati nne, na akishazifunga fundi mzuri huchora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Nati ikilegea, mstari unakatika na kila mwenye macho anaona. Asubuhi moja Mwenyewe alifungua banda akakuta mistari yote minne ya gurudumu la nyuma la kushoto imekatika. Kila nati ilikuwa imelegea nusu mzunguko, sawasawa, bila kuzidiana. Alizikaza, akasimama juu ya spana kwa uzito wake wote, akachora mistari upya. Kesho yake, nusu mzunguko.

Alibadilisha kufuli. Akafunga ufunguo kwa kamba shingoni. Siku moja alimwaga sabuni ya unga sakafuni kuzunguka kigari chote, akafunga mlango, akaenda zake. Aliporudi, sabuni ilikuwa imetulia kama alivyoiacha, haina hata alama ya panya, na nati zote nne zilikuwa zimelegea. Akajua hapo kwamba anaogopa, na kwamba hakuna mtu wa kumwambia.

Maana gurudumu lile, yeye alijua ni nani aliyelifunga siku aliyokufa dada yake.

Nje ya geti kulikuwa na kibanda cha fundi wa magurudumu aliyeitwa Fundi Kobe. Jina lilimfaa. Kubadilisha tairi moja kulimchukua saa nzima. Alifunga nati kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, akashusha jeki, akakaza tena, akakuambia usogeze kigari hatua kumi, akakaza mara ya tatu. Hapo ndipo alipotoa kikopo chake cha rangi ya njano. Mwenyewe alikuwa akisimama kando akipiga miayo kwa makusudi. "Mzee, hii ni ndege?" alikuwa akiuliza. "Mimi ningekuwa nimeshamaliza, nimeshakula na nimeshalala."

Siku ile tairi lilipasuka, ofisi ikampa Mwenyewe hela ya kumlipa Fundi Kobe. Akaona hasara ya bure. Tairi la akiba lilikuwepo, jeki ilikuwepo, na yeye alikuwepo. Hela akaitia mfukoni. Alinunua sigara na vocha ya simu, basi. Alibadilisha mwenyewe nyuma ya banda, na alipokuwa kwenye nati ya mwisho kengele ya chakula ikalia. Akasema atakaza vizuri akirudi. Ila meneja alikuwa na tabia ya kukagua, kwa hiyo kabla ya kwenda kula Mwenyewe alichovya kijiti kwenye rangi ya njano iliyokuwepo bandani, akachora mistari minne mizuri, kama ya fundi.

Aliporudi kutoka kula aliiona mistari imenyooka. Akaiamini mistari yake mwenyewe. Akapakia shuka, akampakia dada yake, wakateremka.

Kwenye kona ya tangi gurudumu lilichomoka. Mama Shuka aliangukia kichwa kwenye mfereji, na hakuzungumza tena.

Meneja alipouliza nani alifunga, watu walitazama ile rangi ya njano kwenye rimu. Mwenyewe alikuwa amekaa chini, damu ya dada yake mikononi. Hakusema ni Fundi Kobe. Hakusema lolote. Ilitosha. Fundi Kobe alikatazwa kukanyaga pale, wenye magari wakamkimbia, na siku hizi anaziba pancha za baiskeli.

Huyo ndiye ambaye Mwenyewe alimfuata mwishowe, adhuhuri moja, akiwa amebeba gurudumu begani, kwa kuwa tairi nalo lilikuwa limeanza kukutwa halina upepo. Alikuwa ameshalikagua mara tano bila kuona tundu.

Fundi Kobe hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alijaza upepo, akalizamisha gurudumu kwenye karai la maji, akalizungusha polepole. Hakuna povu hata moja.

"Halina kitu," akasema. "Tairi zima. Limechoka kubeba."

"Kubeba nini, mzee? Kigari kinalala bandani kitupu."

Fundi Kobe akajifuta mikono. "Mwanangu, siku ile niliziona nati zako. Rangi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya nyuzi za boliti. Mimi napaka nati ikishakazwa; rangi haina pa kupenya. Yule aliyepaka, alipaka nati imelegea."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Wakakutazama wewe, nawe hukufungua kinywa."

Mwenyewe alitoa hela. Fundi Kobe akamwambia aondoke nayo.

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Springi ilididimia kwenye kona ya tangi kama kawaida, lakini kwenye mlango wa kufulia haikuinuka tena. Aliyepanda hakushuka. Kigari kilisimama kimeinama upande wa kushoto, siku nzima, kikingoja.

Kilichomtesa kuliko yote ni mpwa wake. Binti wa Mama Shuka alikuwa amechukua nafasi ya mama yake pale pale kufuliani, na kila saa nne alimletea mjomba wake chai kwenye kifuniko cha chupa, akisimama kumwangalia mpaka amalize. Hakuwa na ndugu mwingine duniani, na yeye Mwenyewe pia hakuwa na mwingine. Binti yule alimchukia Fundi Kobe waziwazi. Ndoo ya maji machafu ya kufulia alikuwa akiibeba hadi nje ya geti, njia yote ile, na kuimwaga mbele ya kibanda. Mwenyewe aliona, akanyamaza. Akimwambia ukweli, chai itakwisha, na yule "Mjomba" atakwisha.

Siku moja binti alikuja na chai, akaonekana amechoka. Kigari kilikuwa kimeegeshwa pale kufuliani, upande wa ukuta ambao jua halifiki hata mchana.

"Ngoja nikae kidogo, Mjomba. Miguu yangu leo si yangu."

"Kaa hapa mbele."

Lakini alikuwa ameshazunguka nyuma, amekaa upande wa kushoto. Akanyanyuka hapo hapo, akaweka kiganja juu ya kiti.

"Mjomba, nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna mtu."

"Kina joto. Kina joto kabisa." Alikuwa anacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Kina harufu ya sabuni ya mama. Ile ya mche. Hatuitumii tena."

Mwenyewe aliweka kifuniko cha chai chini. Alijaribu kutafuta njia ya kuzunguka na hakuipata.

"Fundi Kobe hakufunga gurudumu lile. Nilifunga mimi. Hela yake nilikula, nati sikuzikaza, rangi nilipaka mimi nikaenda kula. Nimemuua dada yangu, nikamwachia mzee wa watu abebe lawama."

Binti hakulia. Alimtazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili.

"Miezi minane," akasema, "namwagia mtu maji machafu mlangoni. Na wewe ukiniona."

"Nikikuona."

"Nipeleke."

"Kwa meneja?"

"Kwa meneja utakwenda peke yako. Mimi nipeleke kwa fundi."

Mwenyewe alichukua spana. Alipiga magoti kwenye gurudumu la kushoto akakaza kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto. Akasogeza kigari hatua kumi, akashuka, akakaza tena. Mpwa wake alisimama na mikono kifuani, hakumharakisha. Rangi hakupaka. Alipomaliza, binti alipita kiti cha mbele bila kukitazama, akakaa nyuma, upande wa kushoto, wakapeana mgongo.

Walipanda mteremko kuelekea getini. Kwenye kona ya tangi Mwenyewe alikaza mikono kwenye usukani, akasubiri. Springi haikulia. Kigari kilipita kona kikiwa kimebeba watu wawili tu. Alitaka kusikia mtu akimwambia apunguze, akapunguza bila kuambiwa.

Nyuma yake alisikia kiganja kikipapasa kiti, hapa na pale, kikitafuta.

"Kimepoa," mpwa wake akasema.