Kosa langu kwenye hesabu za tetemeko, na tenki la oksijeni la hospitali

Wakuu, hamjambo. Nimesoma nyuzi za mainjinia na mafundi humu muda mrefu bila kuchangia. Leo naweka la kwangu, na nitaliandika kama lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha.

Mimi ni injinia wa kike, naishi Usagara, Tanga. Ofisi yetu ya usanifu ni ndogo: bosi, mimi na mchoraji mmoja. Bosi ni mzee wa Kiarabu wa hapa hapa, tunamwita Mzee Seif. Muhuri wa kuidhinisha kazi ni wake.

Tulipata kazi ya msingi wa tenki la oksijeni la hospitali moja huku pwani.

Siyo mitungi ile ya kubeba. Hili linasimama, refu kama ghorofa tatu, ndani oksijeni ya maji maji iliyo kwenye presha. Lina miguu minne iliyofungwa kwa bolti kwenye zege.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza modeli kwenye kompyuta: upepo ukivuma, ardhi ikitikisika, bolti zitashika?

Kwa wasio wa fani: upepo ni hatari zaidi tenki likiwa tupu, maana ni jepesi kusukumika. Tetemeko ni kinyume. Tenki likijaa ndipo linapoyumba na uzito wake wote. Mwanafunzi wa chuo analijua hilo. Hata mimi nilikuwa nalijua.

Ijumaa asubuhi nikaenda saiti kukagua nondo. Zege lilikuwa la kumwagwa kesho yake. Fundi mkuu, Mbwana, Mdigo mmoja mcheshi sana, akaniuliza:

"Dada injinia, hili dude tani ngapi? Nataka nijue kreni ipite wapi, isije ikavunja mfereji."

"Litakuja tupu, tani nane," nikamjibu. "Likijaa ndiyo ishirini na tano."

Ile ishirini na tano ikanikaa vibaya. Sikukumbuka kuiona kwenye modeli.

Nikafungua laptop juu ya mifuko ya saruji. Kumbe nilinakili mstari wa upepo, nikabadilisha jina ukawa wa tetemeko, uzito nikauacha vile vile. Tani nane.

Nikausoma mstari ule mara ya pili.

Sitawaficha, wakuu. Kwa dakika kama kumi nilifikiria kunyamaza. Ripoti ilishagongwa muhuri. Hakuna aliyeuliza. Tetemeko lenyewe huku ni vikombe kugongana kabatini, tena kwa nadra. Na mzee ndiyo kwanza alikuwa amenipendekeza nisajiliwe injinia kamili.

Halafu nikaangalia mbele yangu. Kutoka kwenye lile shimo hadi dirisha la wodi ya watoto wachanga ni hatua chache tu. Kanga za kina mama zilikuwa zimeanikwa hapo.

Nikapiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi huko?"

"Mzee, nimekosea. Tetemeko nimelipigia hesabu tenki likiwa tupu."

"Zege mmeshamwaga?"

"Bado."

"Simamisha. Nikitoka msikitini nakuja."

Alipofika nilikuwa nimeshajiandaa kutukanwa. Akavaa miwani, akapitia hesabu mpya mstari kwa mstari. Bolti za mwanzo zisingetosha. Zilitakiwa nene zaidi, na msingi mpana zaidi.

Akavua miwani. "Ukurasa wa tetemeko mimi sikuufungua kabisa," akasema. "Niliona jina lako, nikagonga muhuri."

Wakuu, hapo ndipo machozi yalinitoka. Matusi ningeyabeba.

Tulikwenda wote wawili kwa mganga mfawidhi wa hospitali kumweleza. Alikasirika, na alikuwa na haki, maana kazi ilichelewa wiki tatu tukisubiri bolti kutoka Dar. Mbwana na vijana wake wakafumua nondo walizokuwa wamefunga vizuri kabisa. Hakunisema, ila siku hiyo hakunitania.

Tenki sasa limesimama na linafanya kazi.

Nilichojifunza: kuaminiwa kusiwe sababu ya kazi yako kutokukaguliwa. Na ukiona kosa lako, sema kabla zege halijamwagwa.

Siku hizi ofisini tunabadilishana. Mzee ananiwekea hesabu zake mezani na penseli juu yake: "Nitafutie kosa."

Wiki iliyopita nililipata moja. Nikaenda kumwonyesha. Akacheka, akaagiza kahawa ya watu wawili.

Wenzangu mlio kwenye fani zozote, nani hukagua kazi yako? Karibuni, hata wa kunisema mseme tu.